Naomba ushauri: kuhesabu tafiti za malaria za NIMR

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niko chuo hapa Dodoma, naandika ripoti ya mwisho kuhusu machapisho ya NIMR yetu (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kuhusu malaria, kichocho na matende toka 2000 mpaka sasa.

Sasa shida iko hapa, ukitafuta "NIMR" kwenye PubMed (hifadhi ya mtandaoni ya machapisho ya tiba) inakuletea na ya India (wale wa malaria Delhi), na ya Nigeria kule Yaba, na ile ya zamani ya London, yaani mchanganyiko kama makande. Nikaongeza neno Tanzania, ikapungua kweli lakini nikapoteza karatasi ambazo mwandishi kaandika Amani au Muheza tu (NIMR wana kituo huko Tanga) bila kutaja nchi. Halafu nimegundua rekodi za kabla ya 2014 kwa kawaida zinaonyesha taasisi ya mwandishi wa kwanza peke yake, kwahiyo kama wa kwanza ni Mzungu wa London na wetu yuko wa tatu, hahesabiwi kabisa! Na hicho kipindi ndo muhimu kwangu, maana ndo tulibadilisha dawa ya malaria, tukatoka klorokwini tukaenda SP halafu ALu.

Nimejaribu Google Scholar, inaleta mpaka ripoti za semina, na supavaiza hazitaki.

Maswali yangu:
Hizo za kabla ya 2014 nazipataje bila kufungua moja moja? Na karatasi yenye taasisi sita nihesabu moja nzima kwa NIMR au nigawanye?

Aliyewahi kufanya anisaidie jamani, intaneti ya hosteli yenyewe ya kubahatisha.