Naomba ushauri: mwendo salama kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya

Ndugu zangu, natarajia kuendesha gari dogo kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya nikiwa na wazazi wangu, ambao sasa ni wazee, na kinachonitia wasiwasi si tochi za askari za kupima mwendo wala faini ya shilingi 30,000, bali watoto wanaovuka barabara vijijini. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa penye makazi, nami naiunga mkono kabisa. Lakini nikishika mwendo huo, malori hunibana kwa nyuma yakipiga honi. Nifanyeje hapo? Vilevile, tulale Morogoro au Iringa, ili tupite Mikumi, ambako wanyama hukatiza barabara, pamoja na mlima wa Kitonga, kukiwa bado mchana?