Kiingereza cha ufundi: nikielezwa kwa Kiswahili naelewa, kitabu cha mashine kinanishinda

Amu_Mitambo

Asalaam aleikum jamaa. Nasoma ufundi wa mitambo, diploma mwaka wa kwanza, hapa Lamu. Kiingereza cha kuongea hakinisumbui. Kinachonisumbua ni hiki cha vitabu vya mashine na cha karatasi ya mtihani.

Tazameni sentensi hii: "Check the low-pressure fuel pump outlet hose clamp for looseness." Neno mojamoja nalijua. Yakipangwa hivyo, sijui nishike spana niende wapi.

Jingine ni kamusi. Natafuta "force", napata nguvu. "Power", nguvu. "Strength", nguvu. Sasa yote ni kitu kimoja? Na kwenye mtihani maswali ya "state", "describe" na "explain" nayajibu kwa namna moja, alama zinapotea. Nimeambiwa nikariri orodha ya maneno elfu moja ya kiufundi kabla muhula haujaisha. Anayefundisha au kufanya kazi hii, naomba anielekeze.

Fundi_wa_Gati

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Hiyo orodha iweke kando. Neno la ufundi likikaririwa peke yake halikai kichwani, na hata likikaa halikufikishi mbali, kwa sababu kitabu cha mashine hakisemi kwa neno mojamoja. Tuanze na sentensi yako.

Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe, sifa zake zikafuata nyuma. Kiingereza cha ufundi hukiweka kitu mwisho, sifa zote zikajipanga mbele yake bila kiunganishi. Basi soma kutoka nyuma. Neno la mwisho kabla ya "for" ni "clamp": unatafuta kibano. Kibano cha nini? "Hose", cha mpira. Mpira upi? "Outlet", ule wa kutokea. Wa kutokea wapi? "Fuel pump", kwenye pampu ya mafuta. Pampu ipi? "Low-pressure", ya presha ndogo, maana injini ya dizeli huwa na nyingine ya presha kubwa. Sasa unayo kamili: kibano cha mpira wa kutokea mafuta kwenye pampu ya presha ndogo, angalia kama kimelegea. Tazama cha, wa na ya zilivyokuongoza, kila moja inakuonyesha imeshika nini. Kiingereza kimezivua zote, kwa hiyo kuzirudisha ni kazi yako. Hata kile kistari cha "low-pressure" kina kazi: kinayafunga maneno mawili yawe sifa moja.

Wengi huteleza kwenye sifa ya mwanzo kabisa. Katika "plastic pump housing" kilicho cha plastiki ni kasha. Pampu iliyomo yaweza kuwa ya chuma. Sarufi peke yake haitakuhakikishia hilo, utahitaji mchoro ulio ukurasa wa pili yake. Waandishi wa vitabu vya matengenezo ya ndege waliliona tatizo hili zamani: kanuni zao za Kiingereza rahisi, ASD-STE100, haziruhusu kurundika nomino zaidi ya tatu, na sentensi ya kumwelekeza mtu kazi isizidi maneno 20. Ukiandika ripoti yako, shika kipimo hichohicho.

Sasa nguvu. Kamusi haikukosea. Neno letu limebeba mizigo mingi, kama joto linavyobeba "heat" na "temperature", na uzito unavyobeba "mass" na "weight". Dawa yake ni kutoandika neno hata siku moja bila kipimo chake. "Force" ni nyutoni. "Power" ni wati. "Energy" ni jouli, na hapa tunalo neno letu, nishati. "Strength" ni kiasi ambacho chuma hustahimili kabla hakijashindwa, hupimwa kwa megapaskali, sawa na nyutoni kwa milimita mraba. Uchukue mfuko wa saruji wa kilo 50 pale gatini. "Mass" yake ni 50 kg, "weight" yake ni nyutoni 490 hivi. Winchi ikiupandisha polepole au mbio, alimradi mwendo haubadiliki njiani, "force" ni ileile ya nyutoni 490. Kinachoongezeka ukipandisha mbio ni "power". Ukielewa mfuko huo, hutayachanganya tena.

Kisha shika boliti yenye alama 8.8 kichwani. Nane ya kwanza mara 100 ni "tensile strength": 800 MPa, mkazo wa juu kabisa inaoweza kubeba. Nane ya pili inasema asilimia 80 ya hapo, yaani 640 MPa, ndiyo "yield strength": ukipita hapo boliti inavutika na hairudi urefu wake. Na "yield" hilohilo kwa mkulima ni mavuno.

Ndiyo maana maneno ya kuogopa si yale marefu. Ogopa mafupi unayodhani unayajua tangu shule ya msingi. "Bleed" ni kutoa hewa kwenye njia ya mafuta. "Prime" ni kuijaza pampu maji kabla ya kuiwasha. "Trip" ni swichi kujikata yenyewe. "Seize" ni injini kukamata. "Play" ni ile nafasi ya beringi kuchezacheza. "Pitch" ina maana tatu hapahapa kwetu: kwenye boliti ni umbali wa jino hadi jino, kwa milimita, kwenye propela ni umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini, aghalabu kwa inchi, na kwenye ubavu wa jahazi ni lami.

Mwalimu_Malindi

Nakubaliana na Fundi, nami niongeze upande wa mtihani, maana alama nyingi hupotea hapo bure.

"State" inataka utaje tu. Mfano, "State two causes of overheating in a diesel engine": "Low coolant level. Blocked radiator." Umemaliza, songa mbele. Ukiandika aya nzima huongezewi hata nusu alama na muda umekwisha. "Describe" inataka ilivyo au inavyofanya kazi, kwa mfuatano. "Explain" inataka sababu, na jibu lisilo na "because", "so" au "therefore" kwa kawaida halijaeleza lolote. "Distinguish" inataka jozi: ukisema "stress is force per unit area, measured in N/mm²", sentensi ya pili lazima ijibu hoja ileile, "strain is extension divided by original length and has no unit". Wanafunzi wengi huandika aya ya "stress" kisha aya ya "strain", tofauti yenyewe haipo popote. "Sketch" ni mchoro wa mkono wenye majina ya sehemu. "Draw" ni rula na vipimo.

Kwenye ripoti ya karakana, ulichofanya kiwe wakati uliopita: "The current was measured with an ammeter." Kilicho kweli siku zote kiwe wakati uliopo: "Figure 2 shows the circuit." Na tafadhali sana, "equipment", "machinery", "information" na "software" haziongezwi "s". Ukihitaji kuhesabu, sema "two pieces of equipment". "Metre" ni kipimo cha urefu, "meter" ni kifaa cha kupimia. Hapa tunafuata tahajia ya Uingereza, usichanganye na ya Marekani katika ukurasa mmoja.

Mwana_wa_Ngomeni

Jambo la kwetu Malindi ambalo halimo vitabuni. Majenereta, pampu na majiko mengi ya kwenye nyumba za wageni yametoka Italia, na maelezo yake ya Kiingereza yametafsiriwa kutoka Kiitaliano. Mkato wao ni nukta yetu. Ukiona "1,5 mm" ni moja na nusu. Ukiona "1.500" karibu na mizunguko kwa dakika ni elfu moja na mia tano. Soma namba ukijiuliza kama inaingia akilini: jenereta haiwezi kuzunguka mara moja na nusu kwa dakika. Na bombani, C ya Kiingereza ni baridi, lakini C ya Kiitaliano ni "caldo", maji ya moto. Ukiunganisha hita kwa kufuata herufi bila kujua lugha yake, utageuza mabomba.

Amu_Mitambo

Shukran sana wakubwa zangu. Ile ya kusoma kutoka nyuma nimeijaribu sasa hivi kwenye kurasa mbili na imefunguka. Mawili yamebaki. Kitabu cha mashine ya boti ninachotumia kimeandikwa Marekani na kinasema "gas" na "gallon" kila mahali. Na je, kwa siku nifanye nini hasa?

Fundi_wa_Gati

"Gas" hapo ni petroli, wala si gesi ya mtungi. "Wrench" yao ni spana, "ground" yao ni "earth" yetu.

"Gallon" iangalie kwa makini. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Kama mashine ni ya kuchanganya oili na petroli, na kitabu kinataka 50:1, galoni ya Marekani inahitaji oili mililita 76 hivi. Ukizitia hizo mililita 76 kwenye galoni ya Uingereza, mchanganyiko umekuwa 60:1. Oili imepungua, pistoni inakauka, mashine inakamata ukiwa katikati ya mkondo. Acha galoni kabisa. Kwa 50:1 tia mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, upime kwa chupa yenye mistari.

Mwalimu_Malindi

Kuhusu kila siku, mwanangu: chagua ukurasa mmoja wa kitabu cha mashine ambayo unaweza kuigusa kwa mkono. Toa humo maneno manane, yasizidi. Kila neno liandikie mchoro mdogo, kipimo chake kama kinacho, neno wanalolitumia mafundi wa karakana yenu, na sentensi nzima lilimotoka. Sentensi usiiache, maana ndiyo inayokuonyesha kwamba "pump" ni "primed" na boliti ni "tightened". Yarudie kesho yake, siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne.

Kisha fanya zoezi hili mara mbili kwa wiki. Andika hatua tano za kitabu kwa Kiswahili chako, funga kitabu. Kesho zirudishe kwa Kiingereza bila kutazama, halafu linganisha. Kosa utaliona mwenyewe, na mara nyingi litakuwa kwenye vineno vidogo: "to", "by", "until", "unless". "Tighten to 40 N·m" ni kukaza mpaka ufike nyutoni-mita 40. "Increase by 5 mm" ni kuongeza 5 juu ya kilichopo, lakini "increase to 5 mm" ni kufikisha jumla 5.

Soma pia kwa sauti. Midomo yetu huyafanya "fill" na "feel" kuwa kitu kimoja, na "fifteen" na "fifty" vilevile. Kwenye redio za meli, misemo sanifu ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ya mwaka 2001 inataka tarakimu zitamkwe mojamoja: 150 ni "one-five-zero". Fanyeni hivyo hata karakanani mnapoitishana vipimo.

Kodi_Pwani

Kwa wa kompyuta wanaopita hapa: ujumbe wa kosa nao usomeni hivyohivyo. "Expected ';' before 'return'" maana yake kompyuta ilitarajia nukta mkato kabla ya kufika kwenye "return", kwa hiyo kagua mwisho wa mstari ulio juu ya huo wa "return". "Deprecated" haina maana ya imeharibika. Bado inafanya kazi ila inatarajiwa kuondolewa, tafuta mbadala wake. Na kwenye nyaraka za intaneti, tangu RFC 2119, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 1997, "MUST" ni lazima, "SHOULD" ni vyema ufanye ila ukiwa na sababu nzito waweza kuacha, "MAY" ni hiari.

Fundi_wa_Gati

Nimshike Mwalimu hapo kwenye "until", maana huunguza watu. "Do not remove the radiator cap until the engine is cool." Anayesoma mbio hunasa "remove", "cap" na "engine", akafungua. Kila ukiona "do not" pamoja na "until", igeuze kwanza kwa Kiswahili kabla mkono haujagusa kitu: ngoja injini ipoe, ndipo ufungue. Maji ya rejeta yenye presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegeza kifuniko presha inashuka, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Sentensi ya namna hiyo huwekwa chini ya neno "WARNING", maana yake kuna hatari ya kuumia vibaya au kufa. "CAUTION" ni jeraha dogo au la wastani, "NOTICE" ni uharibifu wa mali. Kitabu kipya ukikipata, anza na kurasa hizo.