Mahojiano ya mbali na wanariadha: Zoom, vMix Call au VDO.Ninja?

Mratibu_Eldoret: Wakuu, naombeni ushauri. Wanariadha watahojiwa kwenye mstari wa kumalizia, waandishi wakiwa mbali. Kati ya hizo programu tatu za mazungumzo ya video nichukue ipi? Nalipia Ijumaa.

Fundi_Kebo: Waandishi wangapi? Yanaenda hewani moja kwa moja au yanarekodiwa? Intaneti ni faiba au laini za simu? Bila hayo tunabahatisha tu.

DadaMitambo: VDO.Ninja ni ya bure na picha yake safi, ila hutuma moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa. Kila anayetazama ni mzigo mpya wa kupandisha: watu 15 kwa Mbps 2.5 ni Mbps 37.5. vMix Call toleo la 4K hupokea wageni 4, Pro 8. Umati ukizidi hapo, Zoom, au Jitsi (programu ya mikutano ya video) kwenye seva yenu. Mnapandisha mkondo mmoja, seva inagawa.

Sauti_Kwanza: Mnabishania picha wakati kinachoua mahojiano ni sauti. Mara nyingi fundi huchukua sauti kuu inayotoka kwenye miksa (mashine ya kuchanganya sauti), yenye sauti za wote, na kuirudisha kwenye mahojiano. Mwandishi anajisikia mwenyewe kwa kuchelewa, anaanza kugugumia. Fundi anapunguza sauti, sasa mwanariadha hasikii swali. Programu nayo inapambana na mwangwi, inameza maneno ya kwanza ya kila jibu. Tumia AUX, njia ya pembeni ya kutoa sauti kwenye miksa: weka humo maikrofoni zote za uwanjani, chaneli ya waandishi uizime humo. Mwanariadha avae kisikizi cha waya, Bluetooth inachelewesha.

Mratibu_Eldoret: Samahani wakuu. Waandishi 12, wawili hewani moja kwa moja. Intaneti ni ruta ya 4G, laini mbili.

Fundi_Kebo: Laini za kampuni moja? Mnara ukielemewa na umati zinakufa pamoja. Na kupima siku ambayo hakuna watu hakusaidii kitu.

DadaMitambo: Wekeni Starlink, intaneti ya setilaiti, Kenya ipo tangu 2023.

Fundi_Kebo: Chini ya paa la jukwaa? Dishi linataka anga wazi, likizibwa picha inakatika kila mara. Bora kebo kutoka jengo la karibu, na muwaombe wenye jengo wafungue UDP (njia ya mtandao inayopitisha picha na sauti haraka), milango hii: 10000 kwa Jitsi, 8801 hadi 8810 kwa Zoom. Ikifungwa, kila kitu kinapita TCP 443, njia ya kawaida ya tovuti, na picha inasuasua.

Sauti_Kwanza: Wale wawili wa hewani wapewe chumba chao, hata kwa VDO.Ninja.

DadaMitambo: Vyumba viwili, nani ataendesha? Mratibu, mko mafundi wangapi?