Derivativu kwa kanuni ya kipeo: jibu langu halilingani na la mwalimu

mwanafunzi_wete
Asalaam alaykum. Niko kidato cha tano, Pemba. Skuli tumepewa tutafute derivativu (kasi ya y kubadilika x inapobadilika) ya

y = 4x³ − 6√x + 5/x² − 7

Nimepata 12x² − 3x^(1/2) − 10x^(−1) − 7. Mwalimu katoa 12x² − 3/√x − 10/x³. Kanuni naijua: kipeo kinashuka kuzidisha, kisha kinapunguzwa moja. Nimekosea wapi? Na kwa nini kipeo kishuke? Sitaki kukariri tu.

mwl_chake
Wa alaykum salaam mwanangu. Kabla hujaigusa kanuni, iandike upya yote kwa vipeo:

y = 4x³ − 6x^(1/2) + 5x^(−2) − 7

Kwenye kipeuo (ile √x), −6 × 1/2 = −3, hapo uko sawa. Lakini kipeo hukukipunguza: 1/2 − 1 = −1/2. Inakuwa −3x^(−1/2), ndiyo hiyo −3/√x ya mwalimu.

Kwenye 5x^(−2), −10 ni sahihi. Kipeo ndicho kilichokuponza. Umetoka −2 ukaenda −1, yaani umeongeza moja. Wengi huanguka hapa, kwa sababu jicho linaona 2 na mkono unaandika 1. Chora mstari wa namba: kupunguza ni kwenda kushoto, na kushoto ya −2 ipo −3.

Ile −7 haibadiliki hata x ibadilike vipi, kwa hiyo derivativu yake ni 0. Ifute.

jamvi
Kuhusu kipeo kushuka: chukua jamvi la mraba la kuanikia karafuu, upande wake mita 3. Eneo ni 9. Ongeza upande kwa sentimita moja, uwe 3.01. Eneo sasa ni 9.0601. Lile ongezeko la 0.0601 limetoka wapi? Vipande viwili vyembamba vya 3 × 0.01, kimoja ubavuni na kimoja juu, jumla 0.06, na kikona cha 0.01 × 0.01, yaani 0.0001. Nyongeza ikizidi kuwa ndogo, kikona kinakuwa si kitu mbele ya vile vipande. Vinabaki vipande *viwili* vyenye urefu x: 2x. Boksi la x³ linaongezeka kwenye nyuso *tatu*, kila mmoja x²: 3x². Idadi ya vipande ndiyo namba inayoshuka mbele, na kila kipande kina kipimo kimoja pungufu, ndiyo maana kipeo kinapungua moja.

hesabu_unguja
Namna ya kujikagua: usitumie x = 1. Moja ukiipa kipeo chochote inabaki moja, kwa hiyo makosa ya vipeo yanajificha. Jibu lako bila ile −7 linatoa −1 pale, na la mwalimu linatoa −1 vilevile!

Weka x = 4, kipeuo chake ni rahisi. La mwalimu: 192 − 1.5 − 0.15625 = 190.34. Lako: 192 − 6 − 2.5 − 7 = 176.5. Sasa kwa kikokotoo: y ya 4 ni 237.3125, y ya 4.001 ni 237.5029. Tofauti yake gawa kwa 0.001, unapata kama 190.4. Imeshajulikana nani yuko sawa.

Jambo jengine: 2^x usiitie kwenye kanuni hii, x yake iko juu, ndiyo kipeo chenyewe. Na (3x + 1)⁴ si 4(3x + 1)³ peke yake, lazima uzidishe na 3 ya ndani: 12(3x + 1)³.

mwanafunzi_wete
Ahsanteni sana. Kwa hiyo 1/(2x³) nikiandika 2x^(−3) nimeharibu?

mwl_chake
Umeharibu. Inayopanda ni x tu, 2 inabaki chini: (1/2)x^(−3). Derivativu ni −3/(2x⁴).