Ofisi za kubeti Mbeya mnatoa wapi ruhusa ya kusambaza sura zetu kwenye magrupu??

Wakuu habari zenu, mnivumilie leo nina hasira kwelikweli.

Kuna ofisi ya kubeti hapa Mwanjelwa, jina nimeliacha makusudi. Jamaa yangu mkeka wake, yaani ile tiketi ya mechi alizobeti, ulitiki wote mpaka mechi ya usiku, asubuhi kaenda kuchukua hela yake kimyakimya, kavaa koti na kofia ya sufu kama mtu yeyote wa Mbeya kwenye baridi hili. Kufika mchana yuko kwenye magrupu ya WhatsApp. Na hakupigwa picha na mteja aliyekuwa nyuma yake, hapana, ni monita ya CCTV ya mle ndani, mtu kashika simu akairekodi, tarehe na saa vinasomeka kwenye kona, jamaa anaonekana anahesabu noti dirishani, chini wameandika "huyu katusua leo, anakaa Ilomba".

Anakaa Ilomba! Sasa hiyo ya nini kama siyo kumuuza mtu kwa vibaka? Mpaka jioni mwenye nyumba keshakuja kuulizia kodi ya miezi ijayo, ndugu wa Tukuyu wanapiga simu kila mmoja na shida yake, mzee wa kanisa naye kaionyeshwa. Jamaa kalala kwa kaka yake Uyole kwa kuogopa kuvunjiwa mlango.

Kamera sizikatai. Pale pana hela, pana wezi, na watoto chini ya miaka 18 hawatakiwi kucheza, sawa, rekodini. Ila mliturekodi kwa ajili ya ulinzi, siyo kwa ajili ya umbea wa mhudumu wa zamu! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, sura ya mtu ni taarifa yake, ukiichukua kwa kazi moja huruhusiwi kuipeleka kwingine unavyojisikia.

Halafu kuna hawa wanoko wa kwenye magrupu ya mikeka, hawabeti wala nini, kazi yao kunusa nani kashinda. Ukiweka tu skrinshoti anakufuata inbox, hongera mkuu, umechukulia ofisi gani, unatoka saa ngapi. Ndio maana watu siku hizi wanafuta namba ya mkeka kabla ya kupost, maana ukiwa na ile namba unaingia kwenye tovuti unaona kila kitu, na mkeka wa karatasi hauna jina la mtu. Wengine wanasubiri siku zipite ndio waseme wameshinda, wengine hela wanaenda kuitolea mtaa wa mbali kabisa na kwao. Na msiniambie nibeti kwa simu nitakuwa salama, laini tumesajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na ukitoa hela jina lako kamili linamfikia wakala kwenye meseji.

Wenzetu Las Vegas walishapita huku. Kulikuwa na kampuni ya upelelezi inaitwa Griffin, ilianza 1967, inakusanya picha za wacheza karata na kuziuzia kasino, ukiwa kwenye kitabu chao unafukuzwa kila mlango hata kama hukuiba, umehesabu karata tu kwa akili yako, yaani unakumbuka zilizotoka ujue zilizobaki. Wacheza wawili wakaenda mahakamani kudai wamechafuliwa jina, wakashinda, na 2005 Griffin ikaomba ulinzi wa kufilisika. Wawili tu wakuu! Sisi hapa tunaishia kusonya.

Jamaa yuko tayari kwenda mpaka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha nayo iambiwe maana leseni wanatoa wao. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko huko aje aseme anaanzia wapi na anabeba ushahidi gani. Na wewe mwenye ile video kwenye simu yako, acha kuisambaza, huyo mtu ana watoto.