Nimeambiwa nimpishe kiti

Mkazi wa Kisasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na sababu yake mtaielewa sasa hivi.

Yule bwana mnamjua. Ndiye ambaye kikao chake cha nusu saa watu huingia wakiwa vijana na kutoka wakiwa na wajukuu, na ndiye asiyemaliza siku bila kutamka kwamba “hapa kwetu tunaangalia sifa.” Leo, saa tatu kasorobo asubuhi, ameingia ofisini na kijana ambaye ni mtoto wa dada wa mkewe, akatutangazia kwamba ndiye mkuu mpya wa kitengo, kitengo ambacho mimi nimekikaimu kwa miaka mitatu na miezi minne bila posho wala barua, kisha akanigeukia mbele ya wafanyakazi wote, na mbele ya mama anayetuletea chai, akasema: “Hebu mpishe mwenzako kiti.”

Kiti chenyewe nilikikuta kikiwa na magurudumu matatu na mgongo uliolegea kama mlevi wa jana. Nilikipakia kwenye bodaboda hadi kwa fundi Chang’ombe, nikalipa kutoka mfukoni mwangu, nikakishonea na kitambaa cha kukikinga na vumbi letu hili ambalo Mwenyezi Mungu ametujalia bila ubaguzi. Cheo ningeweza kukisamehe. Lakini nimpishe kiti! Tena kwa “hebu,” kama mtoto aliyekutwa amekalia mkeka wa wageni!

Kijana mwenyewe hana ubaya. Aliniita kaka, akaniuliza maji ya kunywa yako wapi, kisha akataka kujua kama ripoti ya robo mwaka huandikwa kila baada ya miezi minne. Robo mwaka, wakuu. Miezi minne.

Nilipouliza kwa upole kama nafasi ilitangazwa, niliambiwa kwamba ilitangazwa: karatasi ilibandikwa ubaoni Ijumaa saa kumi na moja jioni, ikabanduliwa Jumatatu saa mbili kasoro robo asubuhi. Ofisi hufunguliwa saa mbili.

Sihitaji ushauri. Nisaidieni kukasirika.

Binti wa Zabibu

Pole sana, kaka. Naomba kuuliza jambo moja tu: ulisimama?

Mkazi wa Kisasa

Nilisimama. Hicho ndicho kinachoniuma.

Binti wa Zabibu

Basi usaili ulifanyika, na wewe ndiye uliyeupitisha.

Mzee wa Nkuhungu

Ungekuwa serikalini ungekuwa na pa kushika. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 22, inampa kila raia fursa na haki sawa ya kushika nafasi za kazi zilizo chini ya mamlaka ya nchi, na Sekretarieti ya Ajira iliundwa ili watu wasiingie kwenye utumishi wa umma kwa vimemo. Huko kwenu kwa watu binafsi, ibara ya 22 inaishia getini kwa mlinzi.

Msaka Ajira

Mzee wangu, shikamoo. Mimi nilifanya usaili wa mchujo kwenye kampuni moja nisiyoitaja, tukajazana ukumbini kama dagaa kwenye gunia, nikakosa alama mbili. Jirani yangu wa kulia alikuwa amenunua maswali ya miaka iliyopita. Mimi nilikuwa nimenunua tiketi ya basi kutoka Kondoa na usiku mbili za gesti. Hakuna aliyebebwa pale na karatasi zilisahihishwa kwa haki, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko hii ya kiti, kwa sababu sina hata mtoto wa dada wa mtu wa kumlaumu.

Karani Mstaafu

Marahaba, ingawa hukunisalimia mimi.

Vijana mnalilia kiti. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, sisi tuliomaliza kidato cha sita hatukwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ilitubidi tufanye kazi kwanza, kisha mwajiri na chama watoe maelezo kuhusu mwenendo wetu, maana iliamuliwa kwamba alama za mtihani peke yake hazitoshi kumpima mtu. Wazo lenyewe sikulipinga, na hata leo silipingi. Bahati mbaya mwenyekiti wetu wa tawi alikuwa na mbuzi, mbuzi akala mtama wa baba yangu, baba akamchapa mbuzi fimbo, na maelezo yangu yakachelewa miaka miwili. Nilipimwa kwa mwenendo wa mbuzi.

Msomi wa Makulu

Nadhani mwanzisha uzi anadai kitu ambacho hajakitazama vizuri. Mwanasosholojia wa Uingereza, Michael Young, alipolieneza mwaka 1958 neno la Kiingereza linaloutaja utawala wa wenye sifa, alilitumia kwa kejeli: aliichora jamii ambamo waliofaulu wanaamini wamestahili kila kitu, na walioshindwa wanabaki bila hata kisingizio. Mwaka 2001 alilalamika gazetini kwamba wanasiasa wa kwao wamelifanya tusi lake kuwa sifa.

Mkazi wa Kisasa

Ndugu msomi, nashukuru. Je, huyo bwana naye aliwahi kuambiwa ampishe mtu kiti?

Msomi wa Makulu

Kinyume chake, alipewa kiti. Mwaka 1978 alifanywa lodi, akaingia katika baraza la juu la Bunge la Uingereza bila kupigiwa kura na mtu yeyote.

Mwalimu wa Zamu

Mnazungumza kama vile sifa zinaanzia ofisini. Darasani kwangu nina mwanafunzi anayesoma twisheni kila jioni chini ya taa, na mwingine anayefika saa tatu kwa sababu alianza kwa kuchota maji kisha akatembea. Wote wawili watafanya mtihani uleule, siku ileile, na matokeo yakitoka tutasema mmoja ana akili. Huyo wa pili hatafika hata kwenye hicho kiti chenu cha magurudumu matatu.

Halafu kuna vyeti. Aprili 2017, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na ilibidi vyeti vyao vihakikiwe ndipo wajulikane. Kazi zao hazikuwa zimewaumbua. Sijui nicheke au nisikitike.

Mzee wa Nkuhungu

Mwalimu, sikitika. Mtu alighushi cheti na bado alijua robo mwaka ina miezi mingapi.

Sauti ya Kwanza

Afadhali ninyi wa maofisini. Nimeimba kwenye kwaya kwa miaka 12, sijawahi kukosa mazoezi, na juzi beti za mwimbaji mmoja amepewa binti wa mwalimu wa kwaya, mwenye miezi mitano tangu ajiunge. Mwalimu alisema ameangalia kipaji.

Binti wa Zabibu

Ndugu, mimi nilikuwepo ibadani. Yule binti anaimba.

Sauti ya Kwanza

Sijakataa kwamba anaimba. Nimesema ni binti wa mwalimu.

Karani Mstaafu

Nami nilikuwepo. Miaka hiyo 12 tumeisikia, mwanangu, na tumeivumilia.

Sauti ya Kwanza

Basi sawa, tuiache kwaya. Mwanzisha uzi, fundi wako wa Chang’ombe anatengeneza na viti vya mbao? Kanisani tuna vinne vilivyovunjika, na kila nikienda kwa mafundi naambiwa nisubiri wiki tatu.

Mkazi wa Kisasa

Anatengeneza, tena vizuri mno. Mwambie umetumwa na mimi, hutapanga foleni.