Kazi ya wiki saba tu: lazima niiseme kwa mwajiri mpya?

Mnunuzi_Ilala

Wakuu habari za jioni. Naomba kujuzwa na wanaofahamu mambo ya utumishi, hasa sekta binafsi hapa Tanzania.

Kazi ya kwanza nilikuwa ofisa manunuzi, miaka mitatu na miezi miwili, ikaisha Desemba. Ya pili ni kampuni ya usafirishaji hapa Dar, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 21 Februari, wiki saba. Nimeacha mwenyewe ndani ya kipindi cha majaribio kwa sababu majukumu hayakuwa yale ya kwenye mkataba. Notisi ya siku 28 nilitoa na nimeitumikia yote.

Sasa nimepata nafasi kwenye taasisi ya mikopo midogo, naanza tarehe 1 Aprili. Kwenye CV niliyowatumia, zile wiki saba sikuziandika. HR ametuma barua ya ofa na fomu ya taarifa za mfanyakazi, na anataka namba ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), TIN (namba ya mlipakodi), NIDA (kitambulisho cha taifa) na slipu za mshahara za miezi mitatu ya mwisho. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) bado nadaiwa.

Je, sheria inanilazimisha kuitaja? Wataiona kupitia NSSF au TRA (mamlaka ya mapato)? Na slipu nipeleke zipi?

---

Mizani_ya_Kazi

Mkuu, kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakuna kifungu kinachokulazimu kuorodhesha kila mlango uliowahi kuingia. CV ni yako, unaandika uzoefu unaoona unafaa kwa nafasi unayoomba. Kuacha wiki saba nje ya CV si uongo.

Fomu yenye sahihi yako ni jambo jingine kabisa. Ukiulizwa ukajibu kinyume, hapo unaingia kwenye udanganyifu, na kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinataja udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Kibaya zaidi, kosa hilo halizeeki. Linaweza kuibuliwa mwaka wa tatu, siku unapopandishwa cheo na faili lako kufunguliwa upya.

Kwa hiyo soma maneno ya fomu yenyewe. Ikisema "uzoefu wa kazi" au "uzoefu unaohusiana na nafasi hii", una hiari. Ikisema "ajira zote" za kipindi fulani, au "mwajiri wa mwisho", hiari imekwisha. Tuwekee hapa maneno yake kama yalivyo.

Na tafadhali usifanye kile wanachofanya wengi, kusogeza mbele tarehe ya kumaliza kazi ya kwanza ili izibe pengo. Cheti cha utumishi ambacho mwajiri anatakiwa akupe ajira inapokoma kina tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na HR akipiga simu kwa mwajiri wako wa zamani, swali la kwanza huwa ni hilo hilo la tarehe. Pengo la miezi mitatu ni jambo la kawaida na hakuna anayekunyima kazi kwa ajili yake. Tarehe ya kubuni ndiyo inayomfukuzisha mtu.

---

Daftari_la_Mishahara

Nijibu upande wa mifumo, maana hapa watu wanatishana bure.

TRA: TIN ni moja maisha yako yote. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakatwa na kuwasilishwa na kila mwajiri kwa mwezi wake, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mwajiri mpya anaingiza TIN yako kwenye ritani yake basi, ritani za wenzake hazioni.

NSSF: namba nayo ni moja. Ya kwako ilitoka kwenye kazi ya kwanza, kwa hiyo ukiitoa inaonyesha tu kwamba ulishakuwa mwanachama, jambo ambalo CV yako tayari inalisema. Taarifa ya michango, ile yenye miezi na waajiri, ni yako. HR haipati mpaka umpelekee mwenyewe. Akiomba uthibitisho wa namba, mpe kadi au namba yenyewe. Usimchapishie taarifa nzima ya michango wakati hajaiomba, maana wengi hujifichua kwa mtindo huo bila kujua.

Nisisitize hili kwa sababu lina madhara ya miaka mingi: usije ukasema huna namba ili usajiliwe upya. Mfumo unasoma NIDA, kwa hiyo usajili utagoma. Ikitokea ukapita, michango yako itakaa kwenye namba mbili. Pensheni inahitaji michango isiyopungua miezi 180. Kila mwezi ulio kwenye namba ya pili hauhesabiki hadi namba ziunganishwe, na kuunganisha kunataka barua za waajiri, pamoja na huyo huyo uliyetaka kumficha.

Kingine, hakiki mchango wa Februari. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha ili awasilishe, kwa hiyo usitarajie kuuona kabla ya mwisho wa Machi. Ni asilimia 20 ya mshahara wako, na kwako hakutakiwi kukatwa zaidi ya nusu yake. Kama Januari ipo na Februari haipo ikifika Aprili, dai mapema. Ukisubiri mwaka, aliyekuwa akishika daftari la mishahara pale atakuwa ameshahama.

HESLB: mwajiri mpya ana siku 28 tangu akuajiri kutoa taarifa zako, kisha makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Anachohitaji kutoka kwako ni namba ya mtihani wa kidato cha nne na kiasi cha deni. Kama anataka taarifa ya deni, jua kwamba humo kuna orodha ya marejesho ya kila mwezi. Angalia kabla hujaituma. Kama kule kwenye usafirishaji walikukata Januari na Februari lakini fedha hazikufika Bodi, fuatilia ukiwa na slipu mkononi. Ndiyo maana zile slipu mbili hazitupwi hata kama hutaki mtu azione.

Slipu za miezi mitatu ya mwisho: hapa ndipo kwenye mtego hasa, si NSSF. Miezi yako mitatu ya mwisho yenye mshahara ni Desemba, Januari na Februari. Ukipeleka za Oktoba hadi Desemba na kukaa kimya huku ukijua wanaamini ndizo za mwisho, umejibu swali kwa karatasi badala ya mdomo. Ni kitu kile kile alichosema Mizani.

---

Mnunuzi_Ilala

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeisoma fomu upya. Ukurasa wa pili unasema: "Mwajiri wa mwisho, cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, sababu ya kuondoka." Chini kuna tamko kwamba taarifa zote ni za kweli, natakiwa kusaini. Kwa hiyo sina ujanja?

---

Mizani_ya_Kazi

Huna, na bora uliuliza kabla ya kusaini. Lakini kuijaza si kujianika. Jaza hivi:

Mwajiri: jina la kampuni. Cheo: kama kilivyo kwenye mkataba. Tarehe: 6 Januari hadi 21 Februari. Sababu: "Nilijiuzulu ndani ya kipindi cha majaribio, majukumu yalitofautiana na mkataba." Mstari mmoja. Usiandike ugomvi wala jina la meneja.

Kisha kabla hujarudisha fomu, mwandikie HR baruapepe fupi, kwa sababu CV aliyonayo na fomu atakayoipokea havitafanana, na ni heri alisikie kwako kuliko aligundue mwenyewe:

"Habari za kazi. Narudisha fomu ikiwa imejazwa. Utaona nimemtaja mwajiri ambaye hayumo kwenye CV. Nilifanya kazi pale wiki saba na nikajiuzulu kwa notisi, hivyo sikuiweka kwenye uzoefu wangu. Slipu za Januari na Februari nimeziambatanisha pamoja na ya Desemba. Naomba taarifa hii ibaki ndani ya idara ya utumishi."

Sentensi ya mwisho ina uzito wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zilizokusanywa kwa lengo moja zitumike kwa lengo hilo. Historia yako ya ajira imekusanywa kwa ajili ya kukuajiri. Si ya msimamizi kuisimulia kwenye chai ya saa nne.

Usichelewe. Itume leo au kesho, wakati hujaripoti. Taasisi za fedha huchunguza watu wao kuliko duka la vifaa, na jambo hilo hilo likiwahi kusemwa ni maelezo, likichelewa ni kesi.

---

Bahati_wa_Nakuru

Niongezee ya Kenya, maana nimeona wasomaji wa huku pia wako hapa.

Cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakitolewi kama ulifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Ukizidisha hapo, ni haki yako, hata kama uliondoka vibaya. Na wakati wa majaribio notisi ni siku saba tu, si mwezi.

Tofauti kubwa na Tanzania ni ritani ya kodi. Huku kila mfanyakazi hujaza mwenyewe kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, si zaidi ya tarehe 30 Juni, na anahitaji fomu ya P9 (ya mshahara na kodi iliyokatwa) ya kila mwajiri wa mwaka uliopita. Ukiwaacha wale wa wiki chache nje, hesabu yako haitalingana na kile KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) tayari wanacho kwenye PIN yako, yaani namba yako ya kodi. Kwa hivyo kabla ya kuondoka, hakikisha una namna ya kuipata P9 mwaka ukiisha: nambari ya mtu wa mishahara, au baruapepe ya idara. Mwajiri mpya haoni ritani hiyo, ni mambo kati yako na KRA.

---

Kisima_HR

Mengi yamesemwa vizuri. Naongeza upande wa watu, kwa sababu siri hizi mara nyingi hazivuji kwenye mifumo.

Dada au kaka uliyeuliza, tafuta jina lako Google leo. Kampuni nyingi huweka picha ya "tunamkaribisha mwenzetu mpya" kwenye kurasa zao. Waombe kwa maandishi waiondoe, kwa upole, na wengi huiondoa siku hiyo hiyo. LinkedIn ukiwa ulishaiweka ile kazi, zima kwanza taarifa zinazotumwa kwa marafiki zako kila unapobadilisha wasifu, ndipo uifute. Angalia pia sahihi iliyo chini ya baruapepe zako na maelezo ya WhatsApp. Watu husahau hapo.

Rudisha kitambulisho, laini ya simu, kompyuta, na uandikishe makabidhiano yenye sahihi mbili. Kitu kisichorudishwa, au salio la mshahara wa kutangulizwa, ndicho kinachomfanya mwajiri wa zamani akutafute hadi mapokezi ya ofisi mpya.

Wenzako wakikuuliza "ulikuwa wapi kabla ya hapa?", jibu "nilikuwa manunuzi, miaka mitatu na zaidi, kule" ukataja kazi ya kwanza. Huo ni ukweli na unatosha. Wao si HR, hawakudai jibu lenye sahihi. Ila msimamizi wako akikuuliza moja kwa moja juu ya Januari na Februari, usikane. Mwambie kwa kifupi, HR wanayo.

Kuna hali moja ambayo ukimya haufai hata fomu isipouliza: kama ile kampuni ya usafirishaji ni mteja au mzabuni wa taasisi mpya. Wewe ni mtu wa manunuzi. Siku zabuni yao ikikufikia mezani bila uhusiano huo kuwa umeandikwa popote, itasomeka kama mgongano wa maslahi, na wiki saba zitaonekana kama saba za kupanga kitu. Uliza orodha ya wazabuni wiki ya kwanza. Ukiwaona humo, jaza fomu ya kutangaza maslahi siku hiyo.

Na kwa wanaotaka kuingia serikalini: haya hayawahusu kama kazi fupi yenyewe ilikuwa ya umma. Ukisharipoti kituoni na kupewa cheki namba (namba ya mtumishi wa umma), jina lako limo kwenye mfumo wa utumishi hata kama ulikaa mwezi mmoja. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanawataka waliomo tayari kwenye nafasi za kuingilia wasiombe. Kamilisha kwanza kujiuzulu kwa barua, upate majibu ya mwajiri kwa maandishi, ndipo uguse Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali.

---

Mnunuzi_Ilala

Baruapepe nimeituma saa moja iliyopita, na slipu tatu nimeambatanisha. Mchango wa NSSF wa Januari nimeuona, wa Februari bado. Nitaangalia tena tarehe 31. Orodha ya wazabuni nitaiomba siku ya kwanza. Asante Mizani, Daftari na Kisima.